Kiti cha Mkaguzi

Foleni ya ofisi ya mtaa haina mwanzo. Ina mwisho tu, na mwisho ni wewe. Profesa alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akakuta watu kumi na tatu wamekaa kwenye ukuta mfupi, kila mmoja amekumbatia bahasha yake. Akauliza wa mwisho ni nani, na mzee mmoja mwenye koti akainua kidole bila kufungua macho. Basi akawa wa kumi na nne.

Hakuwa profesa, tuelewane mapema. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kukaa darasa la chuo hata dakika moja. Jina hilo majirani walimpa akiwa na miaka saba, siku alipotumwa sabuni akakutwa ameketi nje ya duka anasoma gazeti lililofungiwa sabuni hiyo, sabuni yenyewe ameiweka juani inalainika. Walicheka, jina likaganda, na mama yake naye akapoteza la kwake, akawa Mama Profesa hadi leo.

Mwaka huu utani ulianza kugeuka kweli. Profesa alichaguliwa chuo kusomea uhandisi wa maji, miaka minne. Barua ya chuo ilisema nafasi ithibitishwe kabla ya Ijumaa jioni kwa risiti ya ada au kwa barua ya mfadhili, la sivyo anapewa mwingine. Leo ilikuwa Jumatano. Habari ya risiti ya ada tuiache, maana mama yake anafua nguo za watu. Benki walitaka hati ya nyumba. Mfadhili mmoja alitaka yatima, na Profesa hakuwa yatima kwa karatasi: baba yake aliondoka na lori akasema atarudi Jumapili, ila hakusema Jumapili ya mwaka gani. Ulibaki Mfuko tu, ule uliotangaza kwamba unasomesha watoto wa kaya duni. Mfuko ulikuwa umetuma ujumbe kwamba mkaguzi atafika nyumbani Jumatano, kati ya saa tatu na saa sita, aone hali ya kaya kwa macho yake, na akute barua ya ofisi ya mtaa yenye muhuri.

"Mama," Profesa alikuwa amesema jana yake, "usiguse kitu. Usipange, usifunike. Aone tulivyo."

"Sawa, mwanangu."

"Mama."

"Si nimesema sawa?"

Karani wa ofisi ya mtaa alifika saa tatu kasorobo. Mtaa mzima ulimwita Bwana Muhuri, kwa kuwa muhuri aliulaza kwake na kutembea nao mfukoni, akidai ofisini kuna wezi. Alifungua dirisha, akafuta meza, akapiga simu mbili za nyumbani, moja kuhusu rangi ya mapazia, halafu ndipo akamwita wa kwanza. Profesa alikuwa anahesabu dakika. Wa nne alirudishwa kwa sababu hana picha. Wa tisa aliambiwa aje kesho, na alipouliza kwa nini kesho, akaambiwa keshokutwa.

Zamu yake ilipofika, Bwana Muhuri hakuuliza wako wangapi nyumbani wala wanakula nini. Alitoa karatasi iliyochapwa zamani, akajaza jina kwenye mstari wa vitone. *Kaya tajwa haina uwezo. Isaidiwe.*

"Bado pesa ya wino," alisema, akataja kiasi, muhuri ukiwa hewani.

"Wiki iliyopita dada mmoja alisema ilikuwa nusu ya hiyo."

"Wiki iliyopita sabuni ilikuwa bei gani?"

Sabuni ilikuwa imepanda mara mbili tangu mwezi uanze, maji ya dumu yamepanda, mkate umebaki bei ileile lakini umekuwa mfupi. Akatoa pesa aliyopewa na mama yake ya kununulia sabuni ya kazi ya leo. Muhuri ukashuka.

Alitembea haraka mpaka akaanza kukimbia, akiwa ameishika barua kwa ncha za vidole isichafuke. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Njiani aliipanga picha kichwani: mkaguzi anaingia, anakiona chumba. Kitanda kimoja na shuka lililotundikwa kambani kuwa pazia. Stuli moja ya mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Mabeseni, madumu, nguo za watu, na sufuria sakafuni chini ya bati linalovuja. Umeme mwenye nyumba aliukata miezi sita iliyopita. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Profesa aliona umaskini wao una faida, akaushukuru hasa, kama mtu aliyekumbuka akiba.

Mlangoni palikuwa na viatu vyeusi vya mwanamume, vimepigwa rangi vizuri. Akavua ndala zake, akaingia, akasimama.

Chumba hakikuwa chao. Palikuwa na zulia. Palikuwa na meza ya kioo, na juu yake chupa ya chai yenye maua, mkate uliokatwa vipande vyembamba, na vikombe vyenye visahani. Ukutani saa kubwa ilikuwa inatembea. Pale penye mabeseni palikuwa na televisheni, waya wake umekunjwa nyuma usionekane hauendi popote. Pazia la kitanda lilikuwa pazia kweli, la Mama Pacha jirani, Profesa alilijua kwa shimo la pasi. Na katikati ya vyote, limejaa kutoka ukuta hadi ukuta, sofa la watu watatu, mahameli ya rangi ya damu ya mzee, miguu bado imefungwa nailoni.

Juu ya sofa alikaa kijana mwembamba wa makamo ya thelathini na tano hivi, tableti mapajani, kikombe mkononi. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka na kidole gumba kimechungulia juu ya zulia la watu.

"Ndiye huyu," alisema Mama Profesa. Alikuwa amevaa gauni alilovaa harusi ya mdogo wake, na amekaa kwenye ncha ya sofa kama amekalia mayai. "Msalimie mgeni."

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, tunamalizia." Mkaguzi akaipokea barua ya mtaa, akarudi kwenye tableti. "Mama, mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Tunakula, baba. Tunashukuru Mungu."

Akaandika tatu.

"Televisheni naiona. Sofa ni la kwenu?"

Mama Profesa alimtazama mwanawe mara moja, haraka, halafu akatazama mkate. "La kwetu," alisema.

Profesa alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini pale palikuwa na mama yake, amepaka mafuta mikono iliyochanika kwa sabuni ya watu, amevaa gauni lake la pekee, mbele ya mgeni. Na kusema "si letu" ilikuwa sawa na kusimama na kumwambia mgeni kwamba huyu mama ni mwongo. Kuna mambo mtoto hawezi kuyafanya hata akiahidiwa chuo kizima. Alitaka kulia, alitaka kucheka, na zaidi ya yote alitaka kulipiga teke lile sofa.

"Nahitaji picha," mkaguzi alisema. "Mama na binti, kaeni hapo hapo."

Wakakaa. Mama Profesa alinyoosha gauni, akafunga mdomo ili pengo lisionekane, akatabasamu. Tableti ikalia tik. Mgeni akamalizia kikombe cha pili, akasema ahsante, akasema amepokewa vizuri sana.

"Msindikize mgeni," mama alisema, na sauti yake ilijaa furaha.

Mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kukupima. Profesa alitembea naye hadi walipopita kona, mahali ambapo mama yake asingeweza kusikia.

"Kaka, lile sofa si letu."

"Ndiyo," mkaguzi alisema bila kusimama.

"Limeazimwa. Meza imeazimwa, televisheni, saa, zulia. Hata kikombe ulichonywea. Umeme wenyewe hatuna, ungebonyeza swichi ungeona."

"Dada." Alishusha pumzi ya mtu aliyechoka tangu juzi. "Naingia nyumba kumi na moja kwa siku, na nalipwa kwa nyumba. Jana nimeingia nyumba ya vigae, sebuleni hamna hata kiti. Sakafuni kuna alama nne za miguu ya sofa, na vumbi limeburuzwa mpaka mlango wa nyuma. Mwenye nyumba amekaa juu ya ndoo, analia. Kila mtu ananiambia hiki si changu, kile si changu."

"Hao si wanaficha? Sisi tumeongeza. Nani anaongeza?"

Hapo ndipo aliposimama. "Ndiyo shida yako ilipo. Sijawahi kuona. Mtu anakuja kupima umaskini wako, wewe unaazima sofa. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni."

Mkaguzi alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mzuri, ni haki kusema hivyo, na ubaya wa siku kama hizi ni kwamba huwezi kupata hata mtu mmoja wa kumchukia kwa raha.

"Tangu Jumatatu," alisema, "mama yako ndiye wa kwanza kunipa chai."

"Basi futa picha."

"Zimeshakwenda. Nikibonyeza zinakwenda, hii mashine hainijui mimi." Akafikiri. "Kuna masahihisho. Niletee barua ya ofisi ya mtaa inayosema vile vitu si vyenu. Sofa hasa, sofa ndilo lenye alama nyingi za uwezo kwenye fomu. Iseme ni la nani, na iwe na saini ya mwenyewe na muhuri. Nipo pale shule ya msingi mpaka saa kumi. Saa kumi orodha inafungwa." Akamrudishia ile barua ya asubuhi. "Hii siwezi kuichukua. Barua inasema hamna uwezo, picha inasema mnao. Nikivipeleka pamoja, atakayeulizwa ni mimi."

Kujua sofa limetoka wapi hakukuhitaji elimu. Kibanda cha Fundi Sofa kilikuwa kando ya barabara kubwa, nguzo nne na turubai, na Profesa alikuwa amelipita lile sofa wiki mbili nzima likiwa uchi, springi nje, kisha likivishwa mahameli kidogo kidogo. Alimkuta fundi amepiga magoti mbele ya fremu ya kiti, misumari midogo imejaa mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kugonga.

"Umekuja kunishukuru au kunigombeza?" aliuliza kupitia misumari.

"Fundi, kwa nini ulimpa?"

"Alikuja alfajiri. Angeniomba figo ningempa." Akagonga. "Marehemu mke wangu alipougua, mama yako alimfulia mashuka miezi minne. Shuka za mgonjwa, unazijua zilivyo. Hakutaka hata pesa ya sabuni."

Profesa alimweleza habari ya mkaguzi, picha, alama na masahihisho. Fundi Sofa alisikiliza, nyundo imetulia.

"Kwa hiyo nataka tu uje uandike kwamba ni la mteja wako, mwenye sofa aweke saini," alimaliza. "Mteja mwenyewe ni nani?"

Fundi alitema misumari kiganjani. Akaihesabu, ingawa hakukuwa na sababu ya kuihesabu.

"Bwana Muhuri," alisema.

Lori lilipita, turubai likapepea, likatulia.

"Unaona hiki kibanda? Kimekaa juu ya mtaro wa barabara. Kibali sina, na kibali chenyewe bei yake siiwezi. Bwana Muhuri ananifumbia jicho, mimi namshonea. Mwaka juzi viti vya kulia, mwaka jana godoro, mwaka huu sofa. Anakuja kulichukua hapa saa nane, nimeshatuma vijana walirudishe. Akisikia limekaliwa nyumba ya watu kabla yeye hajalikalia..." Akaiweka nyundo chini. "Lakini nenda ukaseme. Siwezi kukuambia usiseme. Masomo yako ni makubwa kuliko kibanda."

Alisema hivyo huku ameishika nguzo ya kibanda.

Saa saba ofisi ilifungwa kwa chakula cha mchana. Saa nane ilikuwa bado imefungwa. Saa nane u nusu Bwana Muhuri alirudi, jasho shingoni, amefurahi kama mtu aliyetoka kusimamia watu wakibeba kitu kizito. Safari hii Profesa alikuwa wa sita. Saa tisa na robo alikuwa dirishani.

Alieleza taratibu, kwa heshima zote: mkaguzi, vitu vya kuazima, barua ndogo tu ya masahihisho.

"Ngoja nikuelewe," alisema Bwana Muhuri, akaegemea nyuma ili foleni nayo isikie. "Unataka nithibitishe kwamba huna sofa."

"Ndiyo, mzee."

"Binti, mimi nathibitisha kilichopo. Mtu yupo, nyumba ipo, mbuzi yupo. Kisichokuwepo nitakigongea muhuri wapi?"

Foleni ikacheka. Hata yule mzee wa koti, ambaye asubuhi alirudishwa bila kuhudumiwa na sasa alikuwa amepanga foleni upya nyuma yake, alicheka.

"Asubuhi umenijia huna uwezo. Mchana unaniambia mlikuwa na sofa. Mimi nimechapa kazi ya Serikali, wewe unaichezea." Lakini alikuwa katika hali njema, na mtu mwenye hali njema hupenda kuonekana mwema. Akavuta karatasi. "Haya, nikusaidie. Kuazima si dhambi. Mmeazima sofa kwa nani?"

"Kwa fundi..." Profesa alianza.

"Mafundi ni wengi. Na fundi si mwenye sofa. Mwenye sofa ni nani?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Profesa aliitazama ile ncha. Akili yake, ambayo shule nzima iliisifu, ilifanya hesabu yake haraka na kumaliza. Akisema "ni lako," kalamu ile haitaandika, kwa sababu hakuna mkono unaojiandika wenyewe kwamba umeshonewa sofa bure. Na kesho kibanda cha fundi kitavunjwa. Asiposema, kalamu vilevile haitaandika. Hesabu ilikuwa haina jibu la kumfikisha chuo. Ilikuwa na jibu moja tu la kumwacha fundi na nguzo zake nne.

Na bado, Mungu anisamehe kwa kumsemea, alitaka kulisema. Lilikuwa tamu mdomoni. Foleni nzima ingesikia.

"Ni la mtu tu," alisema.

"Mtu tu hana saini." Bwana Muhuri akafunika kalamu. "Anayefuata."

"Basi naomba pesa ya wino."

"Nini?"

"Barua ya asubuhi haikutumika. Mkaguzi ameikataa. Naomba pesa yangu ya wino, mama yangu hana sabuni."

Foleni haikucheka safari hii. Bwana Muhuri akamtazama aliyekuwa nyuma yake, akasema tena, taratibu zaidi: "Anayefuata." Profesa hakuondoka dirishani mpaka mzee wa koti alipomgusa bega na kumwambia, "Mjukuu wangu, tupishe sisi nasi tukakataliwe."

Alikwenda shule ya msingi hata hivyo, akikimbia, bila kujua anakimbilia nini. Mkaguzi alikuwa ameshaweka tableti kwenye mkoba. Aliiona mikono yake mitupu kabla hajafika karibu.

"Pole, dada," alisema. "Jaribu mwakani. Mwakani msiazime."

Profesa alirudi nyumbani polepole, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga vizuri, yote ya ukali. Alikuwa na haki nayo na alikusudia kuyatumia.

Chumba kilikuwa kimerudi kuwa chao. Majirani walikuwa wamechukua kila kitu, saa, zulia, meza, pazia. Sofa lilikuwa limeacha alama nne za unyevu kwenye sakafu iliyokuwa imedekiwa kwa ajili ya mgeni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye stuli, gauni la kazi, mikono ndani ya beseni. Alikuwa anafua kwa maji matupu na nguvu za mkono. Simu ilikuwa juu ya dumu.

"Imelia," alisema. "Soma."

"Umesoma?"

"Nimesoma. Nataka nisikie kwa sauti yako, labda nimekosea."

Profesa alisoma. *Kaya yako imepata alama 61. Ufadhili hutolewa kwa kaya zilizo chini ya alama 40. Tunakutakia mafanikio katika masomo yako.*

Mama alikamua shati la mtu, akalikunjua, akalikamua tena.

"Sofa ni alama ngapi?"

"Sijui, mama."

"Televisheni?"

"Sijui."

"Na chai?"

"Chai haimo kwenye fomu."

Profesa aliyatafuta yale maneno yake makali akapata machache tu. "Nilikwambia usiguse kitu."

"Uliniambia."

"Ukasema sawa."

"Nilisema." Mama yake alikuwa analia, na kwa kuwa mikono ilikuwa majini, hakufuta. "Nikuambie kitu, mwanangu. Nikienda dukani kukopa sukari gauni limechanika, sukari imeisha. Nikienda nimependeza, sukari ipo. Mwenye nyumba akinikuta mchafu ananidai palepale. Akinikuta safi anasema mama, nitapita kesho. Zahanati hivyo hivyo, aliyevaa vizuri anaitwa kwanza. Miaka yote hii mimi nimejua mlango unafunguliwa namna moja tu. Ningejuaje kwamba kuna ofisi moja duniani inataka nichakae?"

Profesa alikaa chini sakafuni, kwenye alama ya mguu wa sofa, akaingiza mikono yake kwenye beseni, akashika upande wa pili wa shati. Wakalikamua pamoja. Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na hapakuwa na mlango mwingine wa kugonga, wote wawili walijua.

Jua lilikuwa linaingia mlangoni likiwa chini wakati Fundi Sofa alipobisha hodi. Hakuingia. Alisimama kizingitini na kifurushi kidogo kwapani.

"Amelichukua," alisema. "Amelikalia pale pale barabarani, akasema limekaa vizuri." Akasafisha koo. "Nimesikia foleni ilivyokuwa. Nimesikia hukunitaja."

"Sikukutaja."

Mama Profesa alimtazama mwanawe, kisha fundi, kisha mwanawe tena. Alikuwa hajui habari hiyo. Aliielewa taratibu, sofa ni la nani na mtoto amenyamazia nini, na ilipokwisha kumwingia aliinamisha kichwa.

Fundi alifungua kifurushi. Kilikuwa kipande cha mahameli ya rangi ya damu ya mzee, na sponji kidogo. "Kimebaki hiki. Sina kingine. Nikasema nije niivishe stuli yenu, nusu saa tu kazi."

Mama Profesa alikigusa kile kitambaa kwa kidole kilicholowa. Kilikuwa laini. Akakisukuma kirudi.

"Kirudishe, fundi. Mwakani mkaguzi akija atasema ni sofa."

Fundi alianza kucheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Mama alisimama, akaifuta stuli kwa pindo la gauni lake, upande wa juu na kila mguu, hata ule wenye waya. Akaisogeza mlangoni.

"Lakini ingia ukae. Usisimame kama mtu wa kudai." Akageuza ndoo, akaikalia yeye. "Profesa, weka chai."

"Sukari haipo, mama."

"Weka hivyo hivyo. Mtu kafika."

Profesa alitikisa dumu, akamimina maji yaliyobaki kwenye sufuria. Mkaa ulikuwepo kidogo. Alitafuta karatasi ya kuwashia, na iliyokuwa karibu ilikuwa ile yenye muhuri: *Kaya tajwa haina uwezo.* Akaikunja, akaiweka chini ya mkaa, akawasha kiberiti. Kisha akamkaribisha fundi asogee ndani, maana moshi ulikuwa unaelekea mlangoni.